Hongera Wachonga Mifereji ya Neva

Katika sahani ya kawaida ya maabara, aksoni, nyuzi ndefu za seli za neva zinazopeleka ishara, husokotana ovyo. Mwaka 1977 Robert Campenot alizitenga kwa vyumba. Mwaka 2005 Anne Taylor, Noo Li Jeon na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, wakatumia silikoni angavu yenye mifereji ya upana wa mikromita 10 na kina cha 3 tu: aksoni hupenya, mwili wa seli hubaki. Kimo cha maji katika vyumba vya pande mbili za mifereji kikitofautiana kidogo, dawa ya chumba chenye maji ya chini haivuki. Sasa aksoni hukatwa peke yake, ikatazamwa ikiota upya. Hongera zao! Na mafundi wanaomimina silikoni kwenye kalibu, ambako vumbi kidogo huziba njia, nawaheshimu zaidi.