Adui Ni Nani? Tafakari juu ya Gemu la Ngome ya Dracula

Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa usharika wetu hapa Mtera alitusubiri mlangoni akiwa ameshika simu ya mwanawe. Usiku alikuwa amemkuta kijana huyo, mwanafunzi wa darasa la Kipaimara, akicheza gemu lililojaa mafuvu, popo na majeneza. "Baba Mchungaji," alisema, "haya ni mapepo yameingia nyumbani kwangu. Naomba mlifute, na simu yenyewe muiombee."

Hatukulifuta siku ile. Tulimwomba kijana aje jioni atufundishe kulicheza. Chuoni tulikofundishwa theolojia, walimu walituonya tusihukumu kitabu tusichokisoma, nasi tuliona onyo hilo linafaa hata kwa gemu.

Gemu lenyewe linaitwa Castlevania: Symphony of the Night. Lilitolewa na kampuni ya Konami ya Japani mwaka 1997 kwa mashine ya PlayStation, na mwaka 2020 likaletwa kwenye simu. Ni mtoto wa mfululizo mrefu ulioanza mwaka 1986. Mfululizo huo umemkopa Dracula kutoka riwaya ya Bram Stoker, mwandishi wa Ireland, iliyochapishwa mwaka 1897. Dracula ni bwana wa ngome asiyekufa, anayeishi kwa kunyonya damu za watu. Sisi wa mkoa wa Dodoma hatukuhitaji riwaya ya Ulaya kuijua hofu hiyo. Tulitishwa na habari za mumiani kabla hatujajua kusoma.

Ili kulielewa gemu la kijana wetu, inafaa kwanza kujua lile la 1986 linavyochezwa. Mchezaji anamwongoza mtu mmoja, Simon Belmont, mwenye mjeledi. Anaingia ngomeni, anapanda ngazi, anaruka mashimo, na mwisho anapambana na Dracula. Sheria zake ni kali. Ukisharuka, umeruka: huwezi kugeuka ukiwa hewani. Adui akikugusa unarushwa nyuma, na mara nyingi nyuma yako kuna shimo. Ukutani kuna mishumaa. Ukiichapa kwa mjeledi inatoa mioyo midogo. Mgeni hudhani mioyo hiyo inaongeza uhai, kumbe ni gharama ya kurushia silaha za ziada: kisu, shoka, maji matakatifu, na msalaba unaorushwa ukarudi mkononi. Kinachorudisha uhai ni nyama ya kuokwa iliyofichwa ndani ya kuta.

Juu ya sheria hizo zote ipo moja isiyoandikwa popote, ambayo kila mtoto huijua ndani ya dakika moja: kila kinachotembea mbele yako ni adui. Hakuna wa kuuliziwa habari wala wa kupewa nafasi ya kujieleza. Unachapa kwanza.

Gemu la 1997 limejengwa kwa namna nyingine. Shujaa ni Alucard, mwana wa Dracula mwenyewe, anayeinuka kumpinga baba yake. Jina lake ni jina la baba likisomwa kinyumenyume. Anaingia ngomeni akiwa na upanga bora, ngao na mavazi ya vita, lakini baada ya hatua chache anakutana na Mauti, ambaye anamvua vyote. Anaendelea mikono mitupu, akiokota silaha duni moja baada ya nyingine. Ngome nzima iko wazi mbele yake, ila milango mingi haipitiki mpaka apate kipawa fulani: kuruka mara mbili, kugeuka popo, au kuwa ukungu na kupenya vyuma. Kwa hiyo mchezaji hurudi mara kwa mara mahali alipokwisha kupita, na kila chumba alichofika kinajazwa katika ramani.

Tukiri kwamba gemu hili limetengenezwa kwa ustadi. Muziki wake ni mzuri. Tulipenda pia kwamba linamfundisha mtoto kurudi. Mlango uliokushinda jana si lazima ubaki umefungwa, na kijana wa kijijini anayesoma kwa shida anahitaji kulisikia neno hilo.

Tuna malalamiko mawili. La kwanza, vitu vitakatifu vimefanywa vyombo vya kazi tu. Maji na msalaba hufanya kazi mikononi mwa yeyote mwenye mioyo ya kutosha, bila imani na bila maombi. Huo ndio mtazamo wa hirizi, na tunao waumini wanaovaa msalaba kwa namna hiyo hiyo. Kwetu sisi Walutheri msalaba haurushwi kwa mtu. Juu yake Kristo alipigwa badala yetu. La pili, Alucard hukua kwa kuua. Kila adui anayeanguka humwongezea nguvu, na mtoto huzoea kuhesabu kila anayekutana naye kama mtaji.

Tungeweza kuishia hapo na kumrudishia mama simu yake. Lakini kijana alitueleza kwa fahari kwamba yeye alikwisha kulimaliza gemu. Tulimwomba atuonyeshe. Katika chumba cha juu cha ngome alimkuta mtu mwenye mjeledi, Richter, wa ukoo ule ule wa Belmont, aliyetoweka na sasa anajitangaza kuwa bwana wa ngome. Kijana alimpiga mpaka akafa. Maneno machache yakapita, majina ya watengenezaji yakaonekana, kikawa ndicho kikomo.

Maneno yote ni ya Kiingereza, na kijana alikuwa akiyaruka. Tulipoyasoma pamoja, taratibu, tuligundua kwamba alikuwa hajashinda. Richter hakuwa adui. Alikuwa ametekwa akili na kuhani wa giza aitwaye Shaft. Mahali pengine ndani ya ngome zimefichwa pete mbili. Mwenye pete hizo hufunguliwa njia katika chumba cha saa, na huko msichana Maria humpa Miwani Takatifu. Ukiivaa mbele ya Richter, unaona tufe la kijani likielea juu yake. Hilo ndilo la kupiga. Ukilivunja, Richter anapona, adui halisi anajulikana, na ngome ya pili, iliyopinduliwa juu chini, inafunguka. Kijana wetu alikuwa amecheza nusu tu, na nusu hiyo aliifunga kwa kumuua asiye na hatia.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa ningejuaje, Mchungaji? Yeye mwenyewe alisema ndiye bwana wa ngome."

Hatukuwa na jibu jepesi, kwa sababu swali lilitupeleka mbali na simu. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa-Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoani kwetu Dodoma, watafiti wawili wa kituo cha kilimo cha Selian cha Arusha waliuawa pamoja na dereva wao. Walikuja kuchukua sampuli za udongo. Watu wakadhani ni mumiani, wanyonya damu. Habari za wakati ule zilieleza kwamba tahadhari ilitangazwa kwa kipaza sauti cha kanisa. Umati ukakusanyika, wakauawa, na miili ikachomwa moto.

Wale waliokusanyika walikuwa wakulima na wafugaji kama sisi, wengi wao pengine walishawahi kuimba kwaya. Siku ile walifuata sheria ya gemu la 1986: kilichotokea mbele yao kilikuwa adui, na cha kwanza kilikuwa kuchapa. Na hawakuihitaji simu kuijifunza sheria hiyo. Kwa hiyo anayesema kwamba uovu umeletwa na magemu, na aueleze kwanza umati ule.

Tukisema hivi, hatujitoi. Miaka kadhaa iliyopita tulihubiri kwa moto mwingi kuhusu watu wanaotumika usiku, tukasema kwamba hata hapa katikati yetu wapo. Hatukumlenga mtu. Wiki ile ile bibi mmoja mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kukaushia samaki wa bwawani, alifukuzwa kisimani na wanawake waliokuwa wamekaa ibadani Jumapili. Tulikwenda kwake na wazee wa kanisa kuomba radhi. Alitukaribisha, akatupa viti, lakini hakusema neno mpaka tulipoondoka. Tulikuwa tumetangaza adui bila kuvaa miwani.

Mtume Paulo aliwaandikia Waefeso, katika sura ya 6, kwamba mapambano yetu hayawahusu wanadamu wenye damu na nyama, bali nguvu za giza zilizo nyuma yao. Mara nyingi tunalisoma neno hilo ili kuthibitisha kwamba pepo wapo. Tunasahau nusu yake ya kwanza, inayosema nani si adui: mwanadamu. Luther naye, katika Katekisimo Ndogo ya 1529, alipoieleza amri ya nane, hakuishia kukataza uongo juu ya jirani. Alitutaka tumtetee, tumseme vizuri, na mambo yake tuyaelewe kwa namna iliyo njema zaidi. Watoto wetu huikariri kwa ajili ya Kipaimara. Hiyo ndiyo miwani, na kanisa limekuwa nayo karibu miaka 500.

Gemu lenyewe linajua jambo hili zaidi ya tulivyotarajia. Katika ndoto mbaya, Alucard anamwona tena mama yake, Lisa, aliyeuawa na watu kwa kudhaniwa mchawi. Pepo aliyejigeuza sura ya mama anamshawishi alipize kisasi kwa wanadamu. Alucard anamtambua kwamba ni mwongo, kwa sababu anakumbuka alichoagiza mama wa kweli alipokuwa akifa: asiwachukie wanadamu. Dracula alichagua kisasi kwa msiba ule ule, mwanawe akachagua agizo la mama. Tulikuwa tumeombwa tulifute gemu hili kwa sababu ya popo zake.

Je, ni gemu la Kikristo? Hapana, wala hatulipendekezi kwa mtoto mdogo, kwa maana picha zake zinatisha na usiku ni wa kulala. Lakini kosa lake kubwa halimo katika mafuvu. Ni kwamba limeificha miwani mbali mno, nyuma ya pete mbili na lugha ya kigeni, hata mtoto anaweza kuua na kupongezwa. Kosa hilo tunashirikiana nalo kila tunapohubiri hofu kwa sauti kubwa na katekisimo kwa sauti ndogo.

Mama tulimrudishia simu yake, tukamwomba aketi karibu na mwanawe akicheza, mchana, na amuulize swali moja: huyu unayempiga ni nani, na umejuaje? Naye kijana alianza upya. Ilimchukua wiki kadhaa kuzipata zile pete, akituletea maneno ya Kiingereza tumsaidie. Siku alipomponya Richter alikuja mbio hadi ofisi ya usharika kutueleza.

Tuliona furaha yake, tukamkumbuka yule bibi. Wapendwa, kila mtaa wa usharika wetu unaye mtu ambaye watu hukatisha njia kumkwepa. Wiki hii tuanze kwake, tumpigie hodi, tuketi, tumsikilize. Mungu atupe macho ya kuwatambua ndugu zetu.