Unene wa Ukuta: Kusoma Ramani Mbili za Nyumba Moja ya Lamu

Mbele yangu ziko ramani mbili za nyumba moja ya mawe, mtaa wa Mkomani, Lamu. Ya kwanza ilichorwa kwa mkono na mtu aliyepima kwa tepu, akaandika vipimo papo hapo, kisha akaisafisha kwa wino. Ya pili ilitoka kwenye simu yenye leza ambayo dalali alipita nayo chumba hadi chumba, na hiyo ndiyo iliyotumika kuitangaza nyumba. Zote zinaonyesha ghorofa ya chini. Zote zina milango, ngazi na majina ya vyumba. Ukizitazama haraka utasema ni kitu kimoja, moja ikiwa na wino mwingi kuliko nyingine. Nadhani tofauti ya wino ndiyo habari yenyewe.

Tuanze na ukuta. Kwenye ramani ya mkono, kila ukuta wa mawe una mistari miwili na katikati umejazwa weusi, hata karatasi inaonekana nzito. Vyumba vinabaki kama nafasi nyeupe zilizochongwa ndani ya jiwe, na ndivyo unavyoihisi nyumba ya Lamu ukiingia kutoka juani: matumbawe na chokaa, unene wa karibu nusu mita, baridi mara moja. Kwenye ramani ya simu ukuta ni mstari mmoja, mwembamba, ule ule kila mahali. Ukuta unaobeba dari na kiambaza cha mbao kilichotiwa majuzi ili kugawa chumba vimepewa mstari sawa. Mnunuzi anayetaka kuunganisha vyumba viwili hawezi kujua, kwa kuitazama ramani hiyo, ni ukuta upi ukiondolewa dari itashuka.

Unene huo una bei pia. Chukua chumba chenye upana wa mita 2.6 na urefu wa mita 8 kwa ndani: ni mita za mraba 20.8. Ukikipima kwa nje, na kuta za nusu mita pande zote nne, unapata 32.4. Ni chumba kile kile. Katika fleti ya Kilimani, Nairobi, yenye kuta za bloku za kawaida, tofauti ya namna hiyo ni ndogo na haimuumizi mtu. Katika nyumba ya mawe inaweza kuwa theluthi nzima ya namba iliyo kwenye tangazo, na ramani yenye mstari mmoja haimwonyeshi msomaji kipimo kimeanzia upande upi wa ukuta. Ramani ya mkono haihitaji kumweleza. Mishale ya vipimo inagota kwenye uso wa ndani wa chokaa, na anaiona.

Sasa tazama umbo la vyumba. Ni virefu na vyembamba, vimepangwa sambamba, kimoja nyuma ya kingine, kwa sababu boriti za mikoko hazina urefu wa kupita mita tatu hivi kwa usalama. Mti wa msituni ndio ulioamua upana wa chumba, na mwashi akatafuta nafasi kwa kurefusha. Mchoraji wa mkono ameandika upana wa kila chumba mara mbili, kila ncha kipimo chake, na vipimo hivyo havilingani. Ameongeza urefu kutoka pembe hadi pembe, mara mbili, ili apate pembetatu za kufungia umbo. Kwa hiyo chumba chake kimeenda upande kidogo, kama kilivyo. Programu ya simu imekinyoosha, ikakiwekea pembe nne za digrii 90. Wengi wanaona mchoro ulionyooka ni mchoro safi. Mimi naona programu imesahihisha mahali ambapo haikuombwa. Ukuta uliopinda katika mji mkongwe huwa umefuata jirani, au njia, au ukuta mwingine uliokuwepo kabla yake. Ukiunyoosha unafuta historia hiyo, na fundi wa kabati atakayekuja na vipimo vya tangazo atarudi na mbao zake.

Sehemu ninayoipenda zaidi katika ramani ya mkono ni mistari mitatu myembamba sana inayokata nyumba kwa upana. Mwanzoni unaweza kudhani ni makosa ya kalamu. Ni vidato. Nyumba ya Lamu humpokea mgeni kwenye daka la mlangoni, ikampitisha tekani, yaani ukumbi wa kuingilia, hadi kiwanda, ua ulio wazi kwa anga, kisha sakafu inapanda: msana wa tini (wa chini), msana wa yuu (wa juu), hatimaye ndani. Kila kidato ni kifupi, mguu unakivuka bila kufikiri, lakini mpangilio mzima wa heshima ya nyumba umesimama juu yake. Nani anastahili kufika wapi na kuishia wapi, hilo limeandikwa sakafuni. Mchoraji ameweka kishale kidogo na neno «juu» kwenye kila mstari. Ramani ya simu imelaza vyote kwenye ngazi moja, kana kwamba unaweza kusukuma kitanda chenye magurudumu kutoka mlangoni hadi ukuta wa mwisho. Na jambo hili linauma zaidi kwa sababu leza ilivipima vidato hivyo. Kimo cha kila kimoja kimo kwenye data. Kilipotea wakati wa kuigeuza data kuwa mchoro, kwa kuwa programu iliandaliwa kwa nyumba ambazo sakafu yake ni moja.

Halafu kuna chumba cha ndani. Ni cha mwisho, cha faragha kuliko vyote, mwanga hukifikia kwa kuazima, na ukuta wake una zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vya chokaa iliyonakshiwa. Simu inayopima hutegemea vitu viwili kwa pamoja: leza inayopata umbali, na kamera inayoiambia simu iko wapi. Leza haijali giza, kamera inajali. Ukitembea na simu kwenye chumba chenye giza na kuta nyeupe zisizo na alama ya kushika, inapotea kidogo kidogo, na kosa linajilimbikiza. Katika ramani ya simu ndani imetoka fupi kuliko ilivyo kwenye ramani ya mkono, na zidaka zimelainishwa zikawa ukuta mtupu. Kwa hiyo chumba ambacho mwashi alikitolea ustadi wake wote ndicho kilichochorwa vibaya kuliko choo.

Si haki kuhukumu skana kwa kutazama simu peke yake. iPhone ya kwanza yenye leza ya aina hii, iPhone 12 Pro, ilitoka 2020, na leza yake hufika mita tano hivi. Skana ya miguu mitatu ni kifaa kingine kabisa: BLK360 ya Leica, iliyotangazwa 2016, hupima nukta 360,000 kwa sekunde, na ukiisimamisha katika kila chumba milango ikiwa wazi itakupa mpindo wa kila ukuta na kina cha kila kidaka kwa usahihi ambao tepu haiwezi kuufikia. Kwa usahihi mkono umeshindwa, na hakuna haja ya kubishana. Hata hivyo, nukta zote hizo bado si ramani. Lazima mtu aamue akate nyumba kwa kimo gani, kidaka kilicho juu ya mkato kionyeshwe vipi, mlango uliozibwa uchorwe au usichorwe. Mpimaji wa tepu hukutana na maswali haya akiwa amesimama chumbani na mwenye nyumba yupo karibu wa kumwuliza. Akijumlisha vyumba na jumla ikakataa kulingana na urefu wa nje, anarudi kugonga ukuta. Skana nayo italiona pengo hilo, tena kwa milimita. Ila programu ikilijaza bila kuuliza, hakuna atakayejua kulikuwa na chumba kilichofungwa.

Pwani yetu tunaijua kwa michoro ya mkono. Kitabu cha Peter Garlake cha 1966 kuhusu majengo ya kale ya Kiislamu ya pwani, na cha Usam Ghaidan kuhusu mji wa Lamu cha 1975, vina ramani zilizopimwa kabla ya leza ya mkononi kuuzwa dukani. Bado zinasomeka kwa sababu waliozichora walichagua kipi kiwe kinene na kipi kiwe chembamba.

Kwa fleti ya Upanga, Dar es Salaam, au ya Kilimani, chukua simu, maliza kabla ya chai. Mpangaji anataka kujua kochi lake litaingia, na atajua. Kwa nyumba ya mawe, ningelipa skana ya miguu mitatu nikiweza, kisha ningempa mchoraji matokeo yake na kumpeleka humo ndani na penseli. Na kama pesa inatosha kimoja tu, ningechukua mchoraji na tepu.

Sababu yangu ya mwisho iko pembeni mwa ramani ya mkono, nje ya ukuta, juu ya njia. Hapo kuna mstari uliokatikakatika ukivuka hadi kwa jirani. Ni wikio, chumba cha juu kilichopita juu ya njia na kuegemea nyumba ya upande wa pili. Simu ilipita ghorofa ya chini na haikukiona. Kwenye ramani yake njia ni nyeupe tupu. Nyumba nyingi za Lamu na kijiji jirani cha Shela zimenunuliwa na watu wa Ulaya, na baadhi yao huanza kuchagua kwa kutazama picha na ramani tu wakiwa kwao. Kabla hajatuma pesa, mnunuzi wa nyumba hii anapaswa kuuliza wikio ni la nani, linaegemea ukuta wa nani, na nani hulipa likivuja. Ramani moja kati ya hizi mbili inamfanya aulize.