Ngazi ya Sauti Isifungwe Ndani ya Waya

Kwantaiza ni moduli ya sintesaiza inayopokea volti inayoteleza ovyo na kuitoa ikiwa imesimama kwenye noti. Tangu Robert Moog alipoeneza kanuni ya volti 1 kwa oktava katika miaka ya 1960, wabunifu wengi wameigawa volti hiyo mara 12, yaani milivolti 83.3 kwa kila nusu-toni. Mgawanyo huo haufai kujengwa ndani ya saketi, na ushahidi uko katika eneo la Maziwa Makuu. Amadinda, zilofoni ya Buganda ambayo Klaus Wachsmann na Gerhard Kubik waliichunguza, hugawa oktava kwa hatua 5 zinazokaribiana, takriban senti 240 kila moja kati ya 1200 za oktava nzima. Hizo ni milivolti 200. Kwantaiza ya nusu-toni itaivuta hatua ya kwanza hadi 166.7, kosa la senti 40, na hapo wimbo umeshageuka kuwa mwingine.

Dawa yake ni jedwali la volti katika kumbukumbu ya chipu. Upande wa kuingilia hauhitaji usahihi mkubwa: kipimo cha biti 10 kwenye volti 5 husoma kwa hatua za karibu milivolti 5, na hiyo yatosha kuamua noti ipi iko karibu. Ugumu wote uko upande wa kutoka. Kigeuzi cha biti 12 chenye upeo wa volti 4.096 husogea kwa milivolti 1, sawa na senti 1.2, tofauti ambayo sikio haliinasi. Mpakani kati ya noti mbili, kwa mfano kwenye 100 kati ya 0 na 200, napo pawekwe nafasi ya kusita: volti ipande hadi milivolti 110 ndipo noti ibadilike, na ishuke chini ya 90 ndipo irudi, la sivyo kelele ndogo ya umeme itaitikisa noti bila kukoma.

Wapo watakaosema kinanda na gitaa za Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika, zimetuniwa kwa hatua 12. Ni kweli, na jedwali la 12 libaki, likichaguliwa kwa swichi. Wengine watasema amadinda halisi haifuati 240 barabara. Hoja hiyo yaipa nguvu kumbukumbu, kwa kuwa jedwali huandikwa kwa vipimo, si kwa fomula. Fundi wa Swima au Baraka, huko huko Fizi, anayetaka kuijenga kwantaiza hii apime kwanza likembe au chombo kingine cha kwao, noti moja moja, kwa programu ya kutuni iliyo kwenye simu, kisha azigeuze namba hizo kuwa milivolti na kuziingiza bila kuzirekebisha.