Aliyejivuna na Aliyeumizwa: Kusoma Upya The Calvary Road

Kitabu cha Roy Hession, The Calvary Road, kilitolewa Uingereza mwaka 1950, lakini mizizi yake iko jirani na kwetu. Mwaka 1947 Hession, mwinjilisti Mwingereza, aliwasikiliza wamisionari waliotoka katika Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuvuka mipaka hadi Uganda, Burundi na Tanganyika. Ndiyo maana tunapokisoma hapa Kasulu na Kibondo tunasikia lugha tuliyoizoea: kutubu, kutembea nuruni, kuvunjika.

Hoja yake kuu iko katika sura ya kwanza. Uamsho huanza pale "mimi" mwenye shingo ngumu anapokubali kuinama mbele ya Msalaba. Katika hilo kitabu kinasema kweli. Ndani ya Uamsho, wamisionari Wazungu na Wakristo Waafrika waliombana msamaha mbele ya wenzao, jambo ambalo halikuwa desturi ya enzi za ukoloni. Sharika zetu, zenye viti vya wakubwa mbele, bado zinalihitaji somo hilo.

Hata hivyo kitabu kina upungufu, na katika wilaya zetu upungufu huo unaumiza. Kinazungumza zaidi na mwenye kiburi. Je, yule ambaye amekwisha kuvunjwa na wengine? Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Kongo. Mwaka 2015 Warundi walikuja kwa wingi, na kambi ya Nduta, Kibondo, ikafunguliwa tena. Mama aliyezika watoto wake njiani, tukimhubiria kwamba avunjike, atasikia nini? Kiswahili chenyewe kinatuonya, maana kuvunjika moyo ni kukata tamaa. Anaweza kutoka ibadani akiamini kwamba Mungu ndiye aliyemponda, au kwamba ubaya aliotendewa ni dhambi yake ya kutubu.

Biblia haiwachanganyi watu hawa wawili. Zaburi ya 51 ni toba ya mfalme aliyetumia madaraka kumdhulumu mtu wake; huyo alipaswa kuvunjika. Zaburi ya 34 inawatazama wanaoteseka, na kwao Mungu anasogea karibu. Hawaambiwi wavunjike zaidi.

Luther anatusaidia hapa. Katika mdahalo wa Heidelberg, mwaka 1518, alifundisha kwamba upendo wa Mungu haukuti kitu cha kupendeza ndipo upende, wenyewe hukiumba. Basi kujikubali ni kuliitikia neno ambalo Mungu ameshatutamkia katika Ubatizo, tukiwa bado na majeraha yetu. Aliyepokelewa hivyo hamwonei mwenzake kinyaa. Na sisi tunaoelewana na Warundi bila mkalimani, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, hatuna kisingizio cha kutokisikia kilio chao.

Tunashauri kitabu hiki kisomwe, kwanza na sisi tunaopanda mimbarani, pamoja na wazee wa kanisa. Kituvunje kiburi. Lakini tunapomwendea aliyeumizwa, tukiache kwanza nyumbani, tuketi naye, tumsikilize. Neno lake la kwanza kutoka kwetu liwe kwamba Mungu amekwisha kumpokea.