Mtungaji wa Karata na Mtu Aliyeketi Mbele Yake

Katika michezo mingi ya karata kazi ya mchezaji ni kutumia kwa akili kile alichogawiwa. Hana ruhusa ya kuongeza karata ya hamsini na tatu, wala ya kuleta turufu yake kutoka nyumbani. Mwaka 1993 Richard Garfield, Mmarekani mwenye elimu ya hesabu, alitoa mchezo uitwao Magic: The Gathering, nao ulivunja desturi hiyo. Kila mchezaji hununua karata, hubadilishana na wenziwe, kisha huja mezani na fungu alilolichagua mwenyewe. Mtu akisha kuzoea kuchagua silaha zake, si ajabu akatamani kuzifua pia. Ndivyo ilivyozaliwa kazi ya wachezaji kutunga karata zao wenyewe.

Kazi hiyo yastahili kuhakikiwa kama utungaji mwingine wowote. Karata ina jina, ina picha, ina bei, na ina maneno machache ya sheria. Nafasi yake ni finyu kama ya ubeti: neno lililozidi huonekana, na neno lililopungua huleta ugomvi. Lakini karata mpya ikitolewa, mara nyingi huulizwa swali moja tu, kama ina nguvu au haina. Swali hilo halitoshi. Yafaa yaulizwe mawili mengine. Je, sheria ya karata hutenda lile ambalo jina lake limeahidi? Na je, humwachia nini mtu aliyeketi upande wa pili wa meza?

Ili maswali hayo yaeleweke, yapasa mchezo wenyewe uelezwe kidogo. Wachezaji wawili hujifanya wachawi wanaopigana. Kila mmoja huanza na uhai wa pointi 20, na anayeishiwa hushindwa. Karata za ardhi hutoa nguvu iitwayo mana, nayo ndiyo bei ya kila uchawi. Rangi ni tano, na kila moja ina tabia yake: nyekundu huunguza, nyeupe hulinda, buluu hutafuta maarifa, kijani hukuza, na nyeusi hutafuta nguvu kwa gharama yoyote.

Katika toleo la kwanza Garfield aliweka karata tano zilizofanana kama ndugu wa tumbo moja. Kila moja hugharimu mana moja ya rangi yake, na kila moja hutoa kitu kwa hesabu ya tatu. Lightning Bolt, nyekundu, hudhuru kwa pointi 3. Healing Salve, nyeupe, hurudisha pointi 3 za uhai au huzuia madhara 3. Giant Growth, kijani, humwongezea kiumbe nguvu 3 na uimara 3 mpaka mwisho wa zamu. Dark Ritual, nyeusi, hutoa mana 3. Ancestral Recall, buluu, humpa mchezaji karata 3. Kwa macho ulinganifu huo wapendeza sana. Mezani, hata hivyo, ndugu hao hawakuwa sawa hata kidogo. Pointi 3 za uhai huahirisha kushindwa, lakini hazileti ushindi. Karata 3 ni mashauri matatu, na huenda mkawamo mshale, ngao na mkuki kwa pamoja. Healing Salve ilidharauliwa na wachezaji hodari. Ancestral Recall ikahesabiwa miongoni mwa karata zenye nguvu kupita zote, hata katika mashindano machache yanayoikubali mchezaji haruhusiwi kuwa na zaidi ya moja, ingawa desturi ya mchezo ni kuruhusu karata nne za jina moja. Usawa wa tarakimu, basi, si usawa wa mambo. Ajuaye kuhesabu mizani nane kwa nane hajawa mshairi kwa hesabu hiyo, na mtungaji wa karata atazamaye tarakimu peke yake hajajua anachokitoa.

Mfano wa pili waonyesha kosa la namna nyingine. Mwezi Desemba 1993 lilitoka toleo la Arabian Nights, lililojengwa juu ya hadithi za Alfu Lela U Lela, ambazo wasomaji wa Kiswahili wanazijua tangu zamani. Humo mna karata iitwayo Shahrazad. Msomaji atamkumbuka mwanamke yule aliyeokoa maisha yake kwa kutia hadithi ndani ya hadithi, alfajiri ikamkuta mfalme akingali na hamu ya kusikia mwisho. Karata hutenda vivyo hivyo. Mchezo husimama, wachezaji huanza mchezo mwingine ndani ya ule wa kwanza, kwa karata zilizobaki katika mafungu yao, na asiyeshinda mchezo wa ndani hupoteza nusu ya uhai wake katika mchezo wa nje. Ni vigumu kupata jina na sheria vilivyooana kuliko hapa. Kwa swali la kwanza karata hii ni bora. Kwa swali la pili ina ila. Shahrazadi alikuwa na usiku elfu na moja, lakini mchezaji wa mashindano ana dakika za kuhesabiwa. Mpinzani hulazimishwa kutoa muda wake apende asipende, na mwenye nia mbaya aweza kuirudia hila mpaka saa ikaisha. Mwaka 2007 karata hiyo ilipigwa marufuku mashindanoni, na uzuri wa wazo lake haukuiokoa.

Mtungaji wa nyumbani hujikwaa palepale. Hupenda karata yake kama mzazi apendavyo mwanawe, akaipa nguvu bila bei, akaitia maneno mengi hata pasibaki pa kupumua, akaipa rangi moja tabia za rangi zote tano. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Dawa yake ni nyepesi: aitoe karata hiyo mkononi mwake, ampe mpinzani, naye acheze dhidi yake mara kumi. Asipofurahia kupigwa nayo, na airudie.

Kwamba wachezaji waweza kutunga vizuri kumeonekana. Mwaka 2014 ilichapwa karata nyeusi iitwayo Waste Not, iliyoundwa hatua kwa hatua kwa kura za wachezaji wenyewe. Jina lake laonya watu wasitupe kitu ovyo. Mpinzani akitupa karata ya kiumbe, mwenye Waste Not hupata maiti atembeaye. Akitupa ardhi, mwenyewe hupata mana mbili nyeusi. Akitupa karata ya namna nyingine, mwenyewe huvuta karata moja. Matendo ni matatu na wazo ni moja: kitupwacho na huyu huokotwa na yule. Tena mpinzani hakunyimwa la kufanya. Kila aamrishwapo kutupa, mara nyingi hubaki na hiari ya kupima ni hasara ipi iliyo nafuu.

Lakini karata iliyojibu maswali yote mawili kwa ukamilifu haikuuzwa dukani. Garfield alitengenezewa karata iitwayo Proposal, yaani posa, ili amwombe mwanamke aliyempenda akubali kuolewa naye. Sheria yake yasema kwamba posa ikikubaliwa wachezaji wote wawili wameshinda, na karata zao huchanganywa ziwe fungu moja. Inasimuliwa kwamba ilimbidi acheze mara kadhaa kabla karata haijamjia mkononi. Naye mwanamke akakubali. Mhakiki wa nguvu hatakuwa na la kusema juu yake, maana haifai kwa mtu mwingine yeyote wala kwa siku nyingine yoyote. Hata hivyo jina lake na sheria yake ni kitu kimoja, na kwa aliyeketi upande wa pili iliacha jambo zito kuliko yote, nalo ni hiari ya kusema ndiyo au la.