Mhusika Wako Amekaa Jukwaa Gani?

Wahakiki wetu wakiishika hadithi huuliza dhamira, wahusika na mandhari, halafu basi. Hiyo mandhari ndiyo hupigwa juu juu kuliko vyote. Mimi naomba kuongeza swali ambalo wengine wataliona la kijiweni: mhusika amekaa jukwaa gani, na je, mvua inamfikia?

Nauliza hivyo kwa sababu vijana wengi tunaandika hadithi zenye mashabiki wa soka wa Uingereza. Si ajabu, maana ligi ile tunaijua kwa majina ya wachezaji hadi ya madaktari wa timu. Lakini hadithi nyingi nilizosoma zina kasoro moja. Ni Desemba, mvua inanyesha, uwanja umefurika, shujaa wetu ananyanyuka kushangilia bao, na nguo zake kavu kama zimetoka kupigwa pasi. Mwandishi hajui mvua inatokea upande gani. Mechi aliiona kwenye televisheni, na kamera siku zote hutafutiwa mahali pakavu.

Hebu basi tuingie uwanjani. Viwanja vingi vya kule vimelazwa kaskazini kwa kusini, au karibu na hapo, ili jua la jioni lisimpige kipa machoni. Upepo nao mara nyingi huvuma kutoka kusini-magharibi. Maana yake ni kwamba jukwaa la magharibi linaupa upepo mgongo, wakati lile la mashariki linautazama uso kwa uso. Mvua ya kipupwe cha Uingereza haishuki wima kama ya masika yetu. Inakuja mshazari, nyembamba, haina haraka, na inaweza kunyesha dakika tisini zote. Aliye mashariki anaweza kuwa chini ya paa na bado akalowa magoti.

Kadhalika kuna suala la safu. Tiketi za mbele kabisa zinavutia, unamsikia beki akitukana. Lakini ukingo wa paa mara nyingi huishia juu ya safu hizo au nyuma yake kidogo, kwa hiyo wanaokaa pale hupata mvua na pia matone ya paa lenyewe. Mwenye akili hupanda juu, nyuma, katikati. Akienda pembeni, anakuta zile pembe zilizo wazi kati ya jukwaa na jukwaa, ambamo upepo hupita kama kwenye uchochoro. Na usimpe mhusika wako mwavuli, mshikaji. Viwanja vingi haviruhusu. Mpe koti la plastiki, na umpe kelele za plastiki hiyo kila anaposogea.

Sasa hapa ndipo mambo yanaponoga. Mapaa ya zamani, ya enzi za Archibald Leitch, yule Mskoti aliyechora majukwaa mengi ya Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, yanashikiliwa na nguzo. Jukwaa lake la mwaka 1905 pale Craven Cottage, kwa Fulham, bado linatumika, na viti vya mbao vimo. Chini ya paa la namna hiyo unaweza kukaa kavu, ila nguzo ikakukatia nusu ya goli. Mapaa mapya hayana nguzo. Yananing'inia kutoka nyuma, unaona kila kitu. Lakini yamepaa juu sana, na mvua ya mshazari inapita chini yake bila hodi. Basi chagua: ukavu na upofu kidogo, au macho mazima na soksi mbichi. Mwandishi anayelijua hilo amepata mgogoro wa bure, bila kumuua mtu wala kuleta mchawi.

Nichukue mifano miwili ya sanaa yao wenyewe tuone walivyolifanya jambo hili.

Wa kwanza ni mchoraji L. S. Lowry, kwenye picha yake ya mwaka 1953 iitwayo Going to the Match. Picha hiyo ilinunuliwa mwaka 2022 kwa pauni milioni 7.8 pamoja na ada, ikabaki Salford kwenye jumba la sanaa lenye jina lake. Inaonyesha umati ukielekea Burnden Park, uwanja wa zamani wa Bolton. Watu wameinama mbele kama wanasukumana na upepo. Michoro ya Lowry mingi haina vivuli, na mtu anaweza kumlaumu kuwa hali ya hewa imemshinda. Mimi namtetea. Pale nje ya geti watu wote wako chini ya anga moja, tajiri na kibarua, na koti la mmoja linagusana na la mwingine. Geti ndilo litakalowachambua: huyu apande ngazi kwenye paa, yule akasimame peupe. Lowry amesimama kabla ya geti kwa makusudi. Anatuachia sisi wenye maneno kazi ya kuingia ndani.

Wa pili ni Nick Hornby, aliyeingia. Kitabu chake Fever Pitch, cha mwaka 1992, husifiwa kwa kueleza kichaa cha ushabiki. Sawa. Mimi nakisifu kwa jambo dogo zaidi: unajua mtu huyu yuko sehemu gani ya Highbury. Mwaka 1968 anakaa kwenye kiti na baba yake. Baadaye anahamia sehemu ya wavulana, kisha North Bank, wanakosimama watu wazima, na baadaye sana anarudi kwenye kiti. Ukifuata mahali alipo umefuata ukuaji wake wote, bila mwandishi kuhubiri. Zingatia kwamba kijana yule hakuwa anatafuta starehe. Aliacha kiti akaenda kubanwa, kwa sababu huko ndiko waliko watu.

Wapo watakaosema nimeligeuza suala la fasihi kuwa la fundi wa mabati. Wataniambia fasihi ni moyo. Jamani, hata moyo una paa lake. Jukwaa la Kop pale Anfield lilijengwa 1906 na kupewa jina la kilima cha Afrika Kusini, walikofia askari wengi wa Kiingereza Januari 1900. Lilikaa wazi hadi 1928 lilipowekwa paa kubwa. Paa lile lilizuia mvua, ndiyo, lakini pia lilizuia sauti isitoroke angani. Nyimbo zilizoipa Kop sifa ziligonga bati na kurudi kwa waimbaji zikiwa zimeongezeka. Huwezi kuuelewa moyo wa watu wale ukilidharau bati lililokuwa juu yao.

Wala sisemi kwamba paa siku zote ni rehema. Tarehe 11 Mei 1985, kule Bradford, moto uliozuka kwenye takataka chini ya jukwaa la mbao ulilimaliza jukwaa zima na paa lake kwa dakika chache. Watu 56 walikufa. Miaka minne baadaye ikaja Hillsborough, iliyoua watu 97, na baada yake ligi za juu zikalazimishwa kuweka viti vitupu. Usalama ukaongezeka, na bei nazo zikapanda. Tangu hapo swali la nani anakaa pakavu limekuwa pia swali la nani ameshindwa kuingia kabisa. Hadithi zetu hazimgusi huyo wa pili. Amebaki baa anaangalia kioo, au nyumbani na redio, na yeye ndiye hajalowa hata tone.

Sisi tunalo sikio la mambo haya, maana kwenye viwanja vyetu vya zamani jukwaa kuu ndilo lenye kivuli na mzunguko ni jua la saa kumi. Tunajua nani hukaa wapi na alilipa nini. Tunapovuka bahari kwa kalamu, ujuzi huo tunauacha kwetu tunabeba jezi tu.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi, kabla hujatuletea hadithi yako ya Manchester au London, chora uwanja kwenye karatasi. Weka upepo. Weka nguzo. Mwandikie mhusika namba ya safu, halafu uulize fedha ya safu hiyo ameipata wapi. Ukishindwa kujibu, usiilaumu mvua. Bado humjui mtu wako.