Sauti za Wanafunzi wa Michezo ya Kuigiza

Kitabu cha Cicely Berry, Voice and the Actor, kilichotolewa mwaka 1973, twakisifu kwa mafundisho yake ya pumzi: mbavu zipanuke, koo lisikazwe, ndipo sauti ifike mbali pasipo kelele. Lakini kilitungwa kwa Kiingereza, na mwalimu wa waigizao kwa Kiswahili hakitamtosha. Mkazo wetu hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Pumzi ikikatika hapo, irabu ya mwisho hufa. Nayo ndiyo yenye maana! “Hupenda” na “hupendi” hayatofautiani ila hapo. Twaona heri mwanafunzi azoezwe kwanza kulimaliza neno, hata kwa kunong’ona, kisha afundishwe kulifikisha nyuma ya ukumbi.